Wabonyezaji wa Mahege

Kibiti,
Mfungo Pili

Kwa mdogo wangu Mudathiri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, na Mungu akujaalie uwe hivyo hivyo huko Mbagala, wewe na mkeo Hafsa. Nauliza kifua chako, maana mara ya mwisho tuliposikia sauti yako ulikuwa unakohoa. Nauliza na yule jirani yenu fundi wa mafriji, aliyenipa kiti siku nilipokuja nikakuta mlango umefungwa, kama bado yupo. Sisi huku tunakwenda. Masika yamenyesha mpaka tumeyachoka, bonde lote limejaa maji, ukindu wa mikeka unapatikana kwa tabu na bei yake haishikiki, lakini wenye mashamba ya mpunga wanacheka. Shemeji yako Ukasha anakusalimu sana. Habari za mama nitazifikia mbele, wala usiruke ukurasa kuzitafuta.

Najua utashangaa kuletewa barua ya mkono wakati simu ninayo na namba yako naijua kwa kichwa. Nimeandika kwa sababu nikikupigia unakata na kuniletea ujumbe kwamba uko kwenye kikao, na mimi nikikuandikia maneno yakizidi mistari mitatu hunijibu ila kwa kile kidole kilichosimama cha kusema sawa. Karatasi haina kidole hicho. Nitampa kondakta wa basi la asubuhi akukabidhi pale kituoni Rangi Tatu, nawe utaisoma yote kwa sababu unangoja jibu langu kuhusu kiwanja cha Nyamwage.

Jibu utalipata, ila si hapa juu. Unataka tuuze kile kipande cha marehemu baba kilicho kando ya lami, pamoja na mikorosho iliyo nyuma yake, na fedha yote iingie kwenye matangazo ya mtandaoni ya mikeka yetu. Umeniarifu kwamba mnunuzi yupo, kwamba mama amekwisha kutia dole gumba mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na kwamba kilichobaki ni saini yangu peke yake. Ni kweli, kilichobaki ni saini yangu. Na ni kweli vilevile kwamba baba hakutuachia kitu kingine chochote duniani isipokuwa hicho na jina lake.

Hebu nikurudishe nyuma kidogo, maana watu wa mjini mnasahau haraka. Kabla yako mimi nilikuwa nauza mikeka. Akina mama wa Mahege walisuka ukili, mama yetu akiwa mmoja wao, mimi nikaushona na kuupiga kingo hapa Kibiti, nikauza kwenye kibanda changu karibu na stendi. Sikutajirika, lakini sikulala na njaa na mwanangu alikwenda shule. Ndipo ukaja wewe na kompyuta yako ya kupakata, mwezi wa Shaabani wa mwaka jana, ukasema kwamba dunia yote sasa imo ndani ya simu na mimi nimekaa stendi nangoja watu washuke kwenye basi. Ulisema kwa kucheka, nikacheka na mimi.

Ukaitundika mikeka kwenye kamba uani kwangu. Ukavaa kanzu ya marehemu baba na kofia yake, ukasimama mbele ya mikeka ile, Ukasha akakushikia simu. Ukatoa salamu vizuri, ukajitaja kwamba wewe ni Mudathiri bin Mshamu wa Mahege, ukawakaribisha watu wote kwenye mikeka ya Rufiji. Sitakuficha, siku ile nilijisikia fahari mpaka machozi. Ulifanana na baba kupita kiasi, na sauti ilikuwa yake. Kisha ukanieleza mambo ya fedha: kwamba hatulipi kwa kuonekana, tunalipa mtu anapobonyeza. Kila anayebonyeza, tunakatwa. Mimi nitaingiza fedha kwenye kadi ya malipo iliyo ndani ya simu yangu, wewe utaliendesha tangazo ukiwa Mbagala, na mwisho wa mwezi utaniletea ripoti.

Mwezi wa kwanza mikeka iliisha yote. Nilishonesha watu wengine, nikakosa hata usingizi, nikawa nakuombea dua kila nikiinua kichwa. Na hapo ndipo nilipojilaani baadaye, Mudathiri, kwa sababu mimi nimeuza mikeka tangu nikiwa mwari, na ninajua kuliko ninavyolijua jina langu kwamba Shaabani kila mwenye bibi harusi ana haraka. Hakuna anayeoza katika mwezi wa mfungo, kwa hiyo wote wanakimbilia kabla ya kuvunja jungu. Mikeka huisha kila Shaabani. Iliisha mama alipokuwa akiuza yeye, iliisha bibi alipokuwa akiuza kabla hata ya umeme kufika. Lakini mwaka ule iliisha mbele ya tangazo lako, basi sote tukasema ni tangazo.

Ramadhani ikaingia, mauzo yakalala. Ukasema tuongeze fedha, tangazo ni dogo. Nikaongeza. Mfungo Mosi harusi zikarudi, mauzo yakaamka, ukasema unaona, ni ile nyongeza. Masika yakakata barabara, mauzo yakalala tena, ukasema wameingia washindani, tuongeze. Yakipanda, tangazo ni zuri. Yakishuka, tangazo ni dogo. Haikutokea hata siku moja lenyewe likakosea. Hata mganga wa kienyeji kuna siku anakiri kwamba dawa imekataa, lakini dawa yako wewe haikukataa kamwe. Korosho za kiwanja hicho hicho unachotaka tuuze, za msimu mzima, ziliingia humo. Mabati niliyokuwa nimeyaweka kwa ajili ya chumba cha nyuma nayo yaliingia humo. Niliyauza kwa mkono wangu na wala sikukununia.

Ripoti zako nilizipenda, maana zilikuwa na rangi. Ulinionyesha ramani, ukaniambia pale palipokolea ndipo wanapobonyeza kwa wingi. Mwanzoni palikuwa pamepakwa rangi kidogo kidogo, Temeke kidogo, Mkuranga kidogo, Kigamboni kidogo. Miezi ilivyokwenda, rangi ikahama. Ukaniambia mashine inajifunza yenyewe, imegundua wateja wetu wa kweli wako wapi, na fedha imeanza kuipeleka huko. Na huko ni wapi? Wilaya ya Kibiti. Na ndani ya Kibiti, Mahege ilikuwa imeiva kabisa. Ulifurahi mno ukatuma na ujumbe wa sauti, ukaniomba niusambaze kwa ndugu: kwamba Mahege mnawaka moto, nawaona, nawaona nyote, msichoke. Nikausambaza. Wewe msomi na mimi mfanyabiashara, hakuna kati yetu aliyejiuliza ni nani Mahege ananunua mkeka. Mahege kila nyumba inasuka wa kwake.

Nilianza kushtuka siku za korosho, nilipomwambia Ukasha kwamba fedha ya korosho imekwisha na akaniuliza imenunua nini. Hakuniuliza kwa ukali. Aliuliza tu, akaendelea kula. Tangu hapo kila mteja aliyenunua nikawa namvutia kigoda, namwuliza habari za kwao, na katikati ya mazungumzo namchomekea: nani kakuelekeza kwangu? Mwanamke mmoja wa Mkuranga aliniambia alifiwa na mkwewe, akakaa juu ya mkeka wangu siku zote za msiba, macho yake chini, mpaka akaishia kuuliza umeshonwa wapi. Bwana mmoja wa Mbwara alitajiwa jina langu na mkewe na kukatazwa kurudi nyumbani na mkeka wa mtu mwingine. Wengi waliletwa na makondakta. Mwalimu mmoja wa Ikwiriri aliuona kwenye maulidi. Kutoka kwenye simu walikuja watu wa kuandika bei, kisha mwisho ngapi, kisha kimya. Alinunua mmoja tu, dada wa Tabata mwenye saluni, na ninamtaja kwa sababu ni haki yake kutajwa.

Nilipokueleza hayo uliniambia watu hawakumbuki tangazo, lakini tangazo linafanya kazi moyoni mwao bila wao kujua. Kitu kinachofanya kazi bila mwenyewe kujua, mimi nitakibishia vipi?

Basi nikaamua kukipima. Mwaka huu, Ramadhani ilipokuwa inakwisha, sikuingiza fedha kwenye kadi. Mfungo Mosi, mwezi wa harusi, mwezi ambao wewe ungesema tusithubutu kulala, mimi nikalizima. Ulipouliza nikakudanganya kwamba mtandao wa fedha una hitilafu, Mungu anisamehe, na nilikuwa kwenye funga yangu ya sita siku ile. Mudathiri, mikeka iliuzika kama mwaka uliotangulia. Ile mipana iliisha kabla ya mwezi kufika nusu. Sikupoteza mteja hata mmoja ninayemjua. Na wewe, bila kujua nimefanya nini kwa makusudi, ukaniandikia pongezi kwamba joto la tangazo la nyuma bado linafanya kazi na ndiyo maana tusiliache lipoe. Niliusoma ujumbe ule nimekaa kibandani, nikashikwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu niliyembeba mgongoni.

Lakini hasira hiyo ilikuwa bado haijajua iende wapi. Maana watu walibonyeza, hilo halikuwa uongo, na fedha tulikatwa kweli. Kama si wateja, ni akina nani? Nitakwambia nilichowaza, ujue nilifika wapi. Niliwaza kwamba ni wewe. Niliwaza una vijana wako huko Mbagala mnabonyeza na kugawana. Nilikulaumu moyoni wiki nzima, na sasa ninatamani ingekuwa hivyo. Mwizi ningemshtaki.

Mwanzoni mwa mwezi huu nikaenda Mahege kuchukua ukili. Barabara ni tope tupu, pikipiki ilituangusha mara mbili, nilifika nimepakaa udongo mpaka kwenye mtandio. Nikamkuta mama amelala. Hakuwa na homa. Alikuwa amelala tu, ameelekea ukutani, na shangazi Mwanajuma amekaa mlangoni anachambua mchele. Shangazi aliponiona akajitwanga kifua, akauliza kwa sauti ya chini kama nimekuja na habari zako. Nikamwambia habari zako ni nzuri, uko Mbagala mzima. Akaniangalia kama ninayemficha jambo. Akaniambia nisimdanganye yeye mtu mzima, kama mtoto amekufa niseme, wajue moja.

Nikakaa chini. Ndipo akanieleza, polepole, kwa namna yake unayoijua, kila neno na kiapo chake.

Alisema kwamba tangu mwaka jana ulikuwa unawatokea kwenye simu. Mama akiwa na ile simu ya tachi uliyomnunulia, akifungua tu, mara unatokea umevaa kanzu ya baba, umesimama, unatoa salamu. Sasa salamu ikitolewa ni wajibu kuijibu. Lakini ukiijibu kwa mdomo mtu wa ndani ya simu hasikii, na mama aliliona tatizo hilo siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyegundua kwamba chini ya picha yako kuna mahali pa kubonyeza. Akabonyeza. Akawafundisha wenzake. Shangazi alisema, na maneno haya ni yake, "Mwanetu kapiga hodi, utamwacha mlangoni ati? Si ufidhuli huo?" Basi wakawa wanabonyeza mtaa mzima. Wasio na simu walikwenda kwa wenye simu. Ukitokea mara mbili wanabonyeza mara mbili. Mwenye kukupitia bila kubonyeza alisemwa kisimani kwamba hamtakii heri yatima wa Mshamu.

Kisha ukatuma ule ujumbe wa sauti. Nawaona, nawaona nyote, msichoke. Niliusambaza mimi, kama nilivyokwambia. Mama aliusikiliza, akaurudia, akauchukua neno kwa neno. Tangu siku ile aliamini kwamba kila akibonyeza, wewe huko uliko unamwona. Akawa anabonyeza kila baada ya swala. Akawa anawaambia majirani kwamba asubuhi umemwona na hajambo, au kwamba leo hakubonyeza mapema kwa sababu alikuwa hajafunga kitambaa kichwani. Shangazi alinisimulia kwamba kuna siku alitoa khanga mpya sandukuni, akaivaa, akaketi vizuri mkekani, ndipo akabonyeza.

Kila alipobonyeza, Mudathiri, tulikatwa. Mashine yako ikaona kwamba Mahege wanapenda mikeka kuliko watu wote wa Pwani, ikapeleka fedha huko, ukawatokea zaidi, wakabonyeza zaidi. Ndiyo rangi uliyonionyesha kwenye ramani. Niliposikia hayo shangazi aliniuliza mbona uso umenibadilika, nikamwambia ni uchovu wa safari.

Sasa fikiria mimi nilifanya nini. Nililizima tangazo lenyewe Mfungo Mosi ulipoingia, yaani siku ya Idi. Mama alioga asubuhi ya Idi, akavaa, akafungua simu kukupa mkono wa Idi, na hukutokea. Akangoja mpaka alasiri. Kesho yake akaipeleka simu kwa fundi, fundi akasema simu ni nzima. Akafikiri umekasirika, akawauliza wenzake kama kuna aliyeacha kubonyeza. Siku zilivyokwenda akafikiri unaumwa, na mwisho akafikiri limekupata jambo na sisi tunamficha. Akauza ukili wake wote, kuku wawili wakachinjwa, akawaita watu wakakusomea Yasini. Umesomewa kisomo, mdogo wangu, mtaa mzima umekuinulia mikono, na wewe uko Mbagala unatengeneza ripoti.

Na katika siku hizo hizo ndipo alipofika dalali wako na karatasi za kiwanja. Hukumpigia mama mwenyewe. Ulimtuma mtu kwa mwenyekiti, mwenyekiti akamsomea. Alimsomea kwamba tangazo limesimama kwa kukosa fedha, na kiwanja kikiuzwa litawashwa upya kwa nguvu kubwa. Mwenyekiti ameniambia kwa kinywa chake kwamba hakuwahi kumaliza kusoma. Mama aliomba wino. Aliniambia mwenyewe, bado ameelekea ukutani, kwamba yeye kiwanja atakifanyia nini, na kama fedha ndiyo iliyokuzuia usitokee basi kiende, amwone mwanawe. Hilo ndilo dole gumba ulilonitambia kwenye ujumbe wako. Hakulitia kwa ajili ya biashara wala mikeka. Hajui hata kama ile ni biashara.

Nilijaribu kumtoa katika hali ile bila kumvunja. Nilichukua video yako nikaihifadhi kwenye simu yake, nikamwonyesha kwamba sasa anaweza kuiona saa yoyote apendayo, bure. Aliiangalia mara moja akanirudishia simu. Alisema hiyo ni picha tu, hiyo yeye ndiye anayeifuata. Ile nyingine ulikuwa unakuja wewe mwenyewe. Nikamwambia basi ngoja nikupigie akusikie. Nikakupigia mbele ya macho yake, nikaweka na sauti kubwa ili asikie unavyopokea. Simu iliita, ikakatwa. Ukaniletea ujumbe kwamba uko kwenye kikao. Mama hajui kusoma, akaniuliza kimeandikwa nini. Nikamwambia mtandao wa Mahege siku za mvua haushiki.

Hapa ndipo lilipo ninalotaka kukwambia, na nimezunguka kurasa zote hizi kwa sababu linanitia aibu mimi niliyekupima wewe na tangazo lako nikajiona nina akili.

Niliporudi Kibiti nilikwenda moja kwa moja kwa Muzdalifa, binti wa duka la vifaa vya ofisi na kuchapa barua, nikamwomba anifundishe kulipia tangazo kwenye ukurasa wetu bila kupitia kwako. Ni rahisi kuliko ulivyokuwa unanieleza. Simu inauliza unataka waone akina nani. Nikachagua Mahege. Ikauliza kama nataka kuongeza Dar es Salaam, Mkuranga, Ikwiriri. Nikakataa kote, nikaacha Mahege peke yake. Muzdalifa aliniuliza huko nani atanunua mkeka. Nikamwambia hakuna. Nikaweka kiasi kidogo cha kila siku, cha fedha ya mboga, nikaiwasha ile video yako ya kwanza.

Asubuhi iliyofuata shangazi alinipigia simu anacheka na kulia. Mama ameamka, ameomba wali, amekula, amezunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia kwamba umekuja na kwamba umenenepa kidogo. Hukunenepa, ni ile ile ya mwaka jana. Tangu siku hiyo ninailipia. Kila mkeka ninaouza ninatoa fungu la Mahege kwanza, kisha nauli, kisha sisi wengine. Wewe pia utakuwa umeona huko kwako kwamba ukurasa umeanza kuwaka upya na Mahege imekolea rangi. Najua ulifurahi. Usifurahi, ni mama.

Ulikuwa unataka kujua thamani halisi ya matangazo yetu, na mimi nimeitafuta kwa uaminifu. Mikeka hayakuuza, isipokuwa ile ya dada wa Tabata. Aliyepata kitu ni mtu mmoja, naye alipata uongo. Fedha ninayolipa kwa siku chache ili akuone inatosha nauli ya basi kutoka Rangi Tatu mpaka hapa, na pikipiki mpaka mlangoni kwake, na chai njiani. Ninamlipa mtu nisiyemjua, ng'ambo ya bahari, ili amwonyeshe mama yangu mtoto wake aliye safari ya nusu siku. Nimekuwa mteja wako mzuri kuliko wote, na ninakuchukia kwa hilo, Mungu anisamehe, ninakuchukia na bado ninakupenda, ndiyo maana nimeandika badala ya kunyamaza.

Saini yangu hupati. Nimekwenda kwa mwenyekiti nimeandikisha kwamba mimi mrithi sikubali, na kwamba dole gumba la mama lilitiwa bila yeye kuelewa lilikuwa la nini. Mwambie mnunuzi wako atafute kwingine. Ukitaka kunishtaki, nishtaki hapa Kibiti, angalau utalazimika kuja.

Na tangazo nimelilipia mpaka Idi ya Kuchinja. Baada ya hapo sitaweka hata senti. Asubuhi ya Idi mama atakaa uani na simu yake kama alivyokaa Idi iliyopita, na safari hii nitakuwa nimekaa pembeni yake. Ukifika kwa miguu yako, sitasema neno, na barua hii nitaisahau. Usipofika, nitamwambia mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, kwamba siku zote zile alizokuwa akibonyeza, hukumwona hata mara moja.

Nisalimie Hafsa, umwambie nimempa kondakta pakiti ya unga wa mchele na asimruhusu aisahau kwenye basi. Ukasha anasema kikohozi chako ukitafutie asali ya bondeni. Shangazi Mwanajuma na wote wa Mahege wanakusalimu, na wao wanaamini kwamba salamu zao unazipata kila siku.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,

Rukaiya binti Mshamu